Tumbo la saa tano

Shule zimefungwa, mitihani nishasahihisha, nina muda, ngoja niiandike hii stori ambayo siku zote naisimulia kwa mdomo tu kila nikikutana na mtu kashika tumbo. Ni ndefu kidogo. Cheti cha udaktari sina, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii, kwahiyo nachoelezea hapa ni tumbo langu mimi, la kwako utalipeleka mwenyewe kwa wanaojua.

Kwetu ni Lindi, tena kijijini sio mjini. Mwaka 2015 ajira zilivotoka nikakuta jina langu limepangwa Monduli, mkoa wa Arusha. Yani kutoka kusini kabisa mpaka kaskazini kabisa, siku mbili barabarani na Dar unalala. Mama alilia, mjomba akasema nenda mwanangu, serikali haibembelezwi. Nikaenda na begi moja, ndoo, na mfuko wa korosho ambao niliumaliza kabla sijafika Chalinze.

Monduli nilipokelewa vizuri, hilo nitalisema mpaka nakufa. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kimasai, mtu mzima, kila mtu anamuita yeyo, yani mama kwa Kimasai, na mimi nikawa namuita hivohivo. Yule mama alinichukua kama mwanae. Jioni nikirudi kazini nakuta kikombe kimefunikwa na sahani mlangoni kwangu, na shuleni mambo yalikuwa mazuri pia maana saa nne asubuhi walimu tunapata chai na viazi au andazi, kitu ambacho kwa shule nyingi ni ndoto.

Tumbo lilianza wiki ya pili. Ratiba yake ilikuwa kama kengele ya shule, saa tano hivi mpaka saa tano na nusu, nikiwa darasa la nne. Linaanza kuunguruma, sio kuunguruma kwa njaa, hili ni kama mtu anasogeza makabati ndani, halafu linajaa upepo mpaka sketi inabana, halafu yanakuja maumivu ya kukata kuzunguka kitovu yanakuja yanaondoka yanakuja, na mwisho wake ni mbio kwenda chooni. Choo cha shimo, mita kama mia, na wewe ni mwalimu huwezi kukimbia mbele za watoto. Kuna siku nimeandika ubaoni nyakati za vitenzi, kimya darasa zima, tumbo likalia kwa sauti, katoto kamoja ka mbele kakasema, "Mwalimu, kuna simba." Nilicheka na wao ila jioni nililia.

Na usiku tena, saa mbili saa tatu hivi, duru ya pili.

Mwanzoni nikasema ni maji. Kila mgeni Arusha anaambiwa habari za maji, kwamba yana floraidi nyingi ndo maana wenyeji wengi meno yao yana rangi ya kahawia, na hilo la meno ni kweli kabisa. Nikaanza kununua maji ya chupa, katoni kwa katoni, mshahara wenyewe wa mwalimu anayeanza. Miezi miwili. Tumbo wala halikupata habari kwamba nimebadilisha maji.

Basi zikaanza safari za zahanati. Mara ya kwanza nikapimwa damu nikaambiwa taifodi, majibu yameandikwa 1:160, nikapewa antibayotiki ya sipro siku 7. Nikapata nafuu siku mbili tatu, likarudi. Nikarudi, taifodi tena. Nimekuja kusoma baadae kwamba kile kipimo, Widal, ni cha tangu 1896, kinaangalia tu kama mwili umewahi kutengeneza askari wa kupigana na wale wadudu, na kwa sehemu zenye taifodi nyingi kama kwetu mtu anaweza kusoma hivo bila kuumwa taifodi yoyote wakati huo. Cha kuhakikisha ni kuotesha damu maabara. Ila nani anakuoteshea damu kwenye zahanati, umepanga foleni toka saa moja unataka dawa uondoke.

Baada ya taifodi ikaja amiba. Flagyl, mdomo mzima ladha ya shaba. Baada ya amiba ikaja minyoo, baada ya minyoo ikaja UTI, na hii ya UTI wanawake wenzangu mnaijua, yani ukiwa mwanamke ukasema tumbo kabla hujamaliza sentensi kikopo cha mkojo kishakuwa mkononi. Kwa mwaka mmoja na nusu nilimeza antibayotiki ambazo nikizipanga mezani zingejaza sanduku, na ajabu ni kwamba kila duru ilinipa nafuu kidogo halafu inaisha. Ile nafuu ndo ilikuwa inanipumbaza. Siku za dawa nilikuwa sili vizuri, nakunywa chai ya rangi na mkate mkavu maana mdomo mchungu, kwahiyo nafuu nilikuwa naipata kweli ila sifa zote anapewa kidonge.

Sasa cha ajabu zaidi. Likizo nikienda Lindi tumbo linanyamaza. Sio linapungua, linanyamaza kabisa. Mwezi mzima wa Desemba nakula muhogo wa nazi, samaki mkavu, kisamvu, nashiba napiga na usingizi. Nikirudi Januari, siku ya pili tu, saa tano, simba huyo.

Mnajua hiyo kwetu inatafsiriwaje. Bibi yangu hakupoteza muda, akasema, "Mjukuu wangu umelishwa. Huko uliko kuna mtu anakutaka uondoke, ndo maana ukiondoka wanakuacha." Na mimi na diploma yangu ya ualimu nilikaa nikafikiria nikaona mbona inaleta maana, maana ukweli ulikuwa ndo huo, nikiondoka linaacha. Nikapelekwa kwa mtaalamu kijiji cha pili, elfu thelathini na kuku mweusi, nikachanjwa chale nikapewa na unga wa kulamba. Nikakaa wiki tatu sina hata chembe ya maumivu, mtaalamu akapata sifa kijiji kizima. Niliporudi Monduli nikampigia kumwambia limerudi, akavuta pumzi akasema, "Hao wamekuzidi nguvu, njoo na mbuzi." Mbuzi sikupeleka, ila sio kwa sababu nilikuwa mjanja. Sikuwa na hela.

Nimuonee haya bibi? Hapana. Bibi alikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba ugonjwa una mahali unapokaa. Alikosea kilichoko huko mahali tu. Zahanati zote nilizopita hakuna aliyeniuliza hata kama kuna siku siumwi.

Mwanzoni mwa 2017 nikaamua kutumia bima vizuri, nikaenda hospitali kubwa kidogo mjini. Jina siitaji, na hata waliokuwepo siku ile sidhani kama bado wapo. Nikapimwa damu wakasema nina bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, nikapewa ule mchanganyiko wa antibayotiki mbili na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 14. Na ushauri, mnaujua ule, nadhani kila Mtanzania anaujua kwa kichwa. Usile maharage. Acha pilipili, ndimu, vyenye gesi. Usikae na njaa. Usifunge Ramadhani. Na kunywa maziwa, glasi asubuhi kabla ya kitu chochote na glasi usiku kabla ya kulala, yanatuliza.

Wajanja mshaelewa tunakoelekea. Mimi sikuelewa mwaka mzima na zaidi.

Maana hebu niwarudishe nyuma. Kile kikombe cha yeyo kilichofunikwa na sahani kilikuwa na nini? Maziwa, freshi, yamechemshwa. Na chai ya saa nne ya walimu? Maziwa nusu chai nusu, kule chai isiyo na maziwa wanaona kama umepewa maji ya kuoshea vikombe. Mimi Lindi nimekua nakunywa chai ya rangi yenye tangawizi, ng'ombe wa maziwa nilimuona kwenye kitabu cha darasa la pili, A kwa aa, N kwa ng'ombe. Kwetu ni korosho na ufuta, na huko maporini mbung'o hawakumuachia mtu ng'ombe. Kitu pekee cheupe tulichokuwa tunakunywa nyumbani ni tui.

Kwahiyo baada ya kuambiwa kunywa maziwa nikawa nakunywa vikombe vinne kwa siku kama dozi. Yeyo alifurahi sana, akawa ananiletea kikombe kikubwa zaidi, anasema mwalimu wangu sasa atapona. Na mimi nikawa naumwa kuliko nilivowahi kuumwa. Nikapungua raha ya kila kitu. Nikawa nafundisha nimekaa. Nikaacha kupanda daladala asubuhi bila kujua choo cha njiani kiko wapi, nina ramani ya vyoo vya umma vya Monduli mpaka Arusha kichwani hadi leo. Mwalimu Mkuu akaanza kuniangalia kwa jicho la huyu ana mimba hataki kusema.

Nikarudi hospitali, wakanipima damu tena, bado bakteria yupo, nikapewa dozi ya pili. Hii nayo nimekuja kuelewa baadae, kile kipimo cha damu kinabaki kinasoma hivohivo miezi mingi hata kama bakteria kashakufa, kwa sababu ni walewale askari wanaoonekana, sio adui. Ukitaka kujua kama kaondoka unapima kinyesi au pumzi, na uwe umemaliza antibayotiki kama wiki nne na omeprazo umeacha wiki mbili. Mimi nilipimwa damu nikiwa bado nameza omeprazo.

Ikafuata altrasaundi, safi. Ikafuata kipimo cha kumeza kamera, kile watu wanakiita mpira, nilikiogopa wiki nzima na kwakweli hakina raha lakini ni dakika chache. Safi. Hakuna kidonda, hakuna alama ya kidonda. Unaweza ukadhani nilifurahi. Nilikaa kwenye benchi nje nikalia kuliko siku ya simba. Daktari kijana, mpole tu, aliniambia, "Dada huna kitu. Punguza stresi." Sasa mtu unamwambia hana kitu wakati amekuja na nguo ya kubadilisha kwenye mkoba. Nilitamani wangekuta hata kidonda kimoja kidogo nikionyeshe nyumbani.

2018 Ramadhani ikaingia katikati ya Mei, shule hazijafungwa. Mwaka uliotangulia sikufunga kwa sababu ya kuambiwa vidonda. Safari hii nikasema nimeambiwa sina kitu, basi mtu asiye na kitu anafunga. Kwa hasira kabisa.

Siku ya kwanza saa tano nikajiandaa. Kimya. Ya pili kimya. Nikafundisha darasa la nne wiki nzima nimesimama, tumbo tupu toka alfajiri, hata kuunguruma hakuna. Kama ni vidonda si ndo ningekufa? Ila usiku sasa. Yeyo sio Muislamu, lakini alivosikia nimefunga akaona huruma, mtu ashinde na njaa kutwa, akawa ananiletea maziwa ya kufuturia kikombe kile kikubwa, nakunywa na tende na uji. Saa mbili na nusu, saa tatu, tumbo linaanza. Yani tumbo la saa tano lilihama likaenda zamu ya usiku! Nikampigia dada yangu nikamwambia huu ugonjwa umebadilisha ratiba, akacheka akasema labda nao umefunga.

Bado sikuunganisha. Nataka mlione hilo vizuri, mimi ni mtu nafundisha watoto sababu na matokeo, na nilikuwa na jibu kwenye kikombe mkononi. Lakini nilikuwa nimeambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba maziwa ni dawa, na kitu kikishaitwa dawa hukiweki tena kwenye orodha ya washukiwa.

Mwezi wa saba nikapata rufaa ya kumuona daktari mmoja mtu mzima, anakaribia kustaafu, ile aina ya daktari ambaye foleni yake haiendi na watu wote nje wananung'unika. Nikajua kwanini haiendi. Hakuangalia faili langu, alilifunika. Akasema, "Mwalimu, nitalisoma baadae. Nieleze jana. Uliamka saa ngapi, ukaweka nini mdomoni?"

Nikaanza kumtajia. Glasi ya maziwa. Saa nne chai. Ya maziwa? Ndio. Mchana ugali na mboga. Jioni kikombe cha yeyo, usiku glasi ya maziwa ya vidonda. Akaandika saa pembeni. Halafu akauliza na maumivu yalikuja saa ngapi, akayaandika upande wa pili. Nikamsimulia na ya Ramadhani, na ya likizo za Lindi, na aibu nikameza nikamsimulia mpaka ya mganga. Akaweka kalamu chini.

Kabla hajasema kitu aliniuliza maswali mengine haraka haraka, kama umepungua uzito bila sababu, kinyesi kimewahi kuwa cheusi kama lami au na damu, unatapika, chakula kinakwama ukimeza, homa, maumivu yanakutoa usingizini usiku wa manane, kwenu kuna mtu alipata kansa ya utumbo. Yote hapana. Akasema hayo lazima ayaulize kwanza, maana likipatikana hata moja mazungumzo yanakuwa mengine na asingenirudisha nyumbani kufanya majaribio ya jikoni.

Halafu akauliza, "Kwenu mnafuga?"

Nikasema baba, kwetu hata ng'ombe wa sadaka tunaagiza.

Akacheka mpaka akavua miwani. Akanielewesha hivi, nami naandika nilivoelewa. Maziwa yana sukari yake inaitwa laktosi. Mtoto mchanga utumbo wake una kimeng'enya cha kuikata hiyo sukari iweze kuingia mwilini. Kwa watu wengi duniani kile kimeng'enya kinapungua taratibu mtu akishaacha ziwa na kukua, na hiyo ndo kawaida ya binadamu, sio ugonjwa. Sukari isipokatwa inashuka mpaka utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wa kule wanaila wanatoa gesi. Maji na gesi. Kuunguruma, kujaa, kukata, mbio. Nusu saa mpaka masaa mawili hivi baada ya kunywa. Chai saa nne, simba saa tano.

Na wenyeji wangu? Wao wametoka kwenye koo zilizoishi na maziwa vizazi na vizazi, wengi wao kile kimeng'enya kinabaki mpaka uzee. Niliporudi nyumbani nilimaliza bando kusoma hilo, na nikakuta mwaka 2007 mtafiti anaitwa Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wa huku wana badiliko lao la kwenye vinasaba lililokuja lenyewe ndani ya miaka elfu 7 hivi iliyopita, tofauti kabisa na la Wazungu. Yani ng'ombe wa yeyo wamemtengeneza yeyo. Mimi nimetengenezwa na mnazi. Hilo somo nalifundisha mpaka leo, silabasi inisamehe.

Daktari akasema kuna kipimo cha pumzi cha kuthibitisha lakini tusihangaike, kuna cha bure. Wiki mbili bila maziwa ya aina yoyote, andika kila kitu unachokula na saa ya maumivu. Halafu Jumamosi moja, uko nyumbani huna safari, kunywa glasi mbili tumbo tupu uone. Akanipima na kinyesi kuangalia yule bakteria, nikiwa nishaacha omeprazo kitambo. Hayupo, labda dozi ya kwanza tu ilitosha kumuondoa.

Wiki mbili zile sitazisahau. Siku ya tatu nilisahau kama nina tumbo. Unajua kusahau tumbo? Nilikaa kwenye kikao cha walimu masaa matatu, cha kipuuzi kabisa, nikawa nafurahia tu.

Jumamosi ya jaribio nikanunua maziwa mwenyewe, yeyo nisimwambie. Saa moja na robo asubuhi nikanywa glasi mbili. Glasi ya robo lita ina kama gramu 12 za ile sukari, kwahiyo 24 hivi zikaingia, na watu wengi wenye hali kama yangu glasi moja na chakula wanaweza kuivumilia ila mbili tupu ni kujitafutia. Nikakaa kitandani na saa mkononi na daftari. Saa mbili kasoro tano, mngurumo wa kwanza. Nikaandika. Saa mbili na robo tumbo limejaa. Nikaandika. Saa mbili na dakika ishirini na tano mwandiko unaonekana umekatika katikati ya neno, na hilo daftari ninalo bado. Nilikuwa chooni naumwa kama kawaida yangu na nacheka peke yangu, mpangaji wa chumba cha pili akagonga kuuliza kama niko salama.

Hasira ilikuja baadae. Nikataka kujua huu ushauri wa maziwa kwa vidonda umetoka wapi, na kumbe ni wa zamani, kuna daktari wa Chicago, Bertram Sippy, mwaka 1915 alitangaza matibabu ya kuwapa wagonjwa maziwa na krimu kila saa. Kwa wakati ule walidhani wanazima asidi. Maziwa yanaituliza kwa muda mfupi, halafu yenyewe yanaliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Halafu 1982 kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakampata yule bakteria, Marshall akafikia hatua ya kumnywa mwenyewe 1984 ili waaminiwe, 2005 wakapewa Nobel. Dawa zikabadilika dunia nzima. Ushauri wa maziwa ukabaki palepale kwenye midomo, miaka zaidi ya mia, mpaka ukanifikia mimi mtu wa Lindi ndani ya Monduli.

Sasa kazi ikawa kumwambia yeyo. Hii ilinikosesha usingizi kuliko kamera. Kwa Wamasai maziwa sio kinywaji tu, ni heshima, mgeni anakaribishwa nayo, kukataa ni kama kumkataa mwenye nyumba. Na yule mama alikuwa ananinyima chochote? Alikuwa ananipa cha wanae. Nikakaa nae jikoni kwake nikamsalimia, nikazunguka maneno, mwisho nikasema, "Yeyo, maziwa yako ni mazuri ila tumbo langu halina mlango wa kuyaingiza." Akaninyamazia muda mrefu anachochea moto. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii mimi ndo nilikuwa nakuumiza, mwanangu?" Jamani. Nikamwambia hapana yeyo, mimi ndo nilikuwa sijui. Akauliza nani ameniambia, nikasema daktari, akauliza daktari kabila gani.

Baada ya siku mbili akaja na kibuyu. Maziwa yaliyoganda, yale wanayoita kule naoto, akasema jaribu haya, wazee wakiumwa tumbo tunawapa haya sio yale. Na alikuwa sahihi, wale bakteria wa kugandisha wanakuwa washaila sehemu ya ile sukari. Kikombe kidogo na ugali nakunywa hadi leo na simba hasemi kitu. Freshi siwezi, aiskrimu siwezi, uji wenye maziwa ya unga siwezi, nimegundua na maandazi ya mama mmoja wa sokoni anakandia maziwa, nilijua kwa tumbo kabla sijamuuliza. Mifupa naihudumia kwa dagaa na ufuta wa nyumbani, mama anatuma.

Bibi nilimuelezea kwa simu nikijua atakasirika kwa kuku wake mweusi. Akasikiliza yote, akasema, "Si nilikwambia umelishwa?"

Shuleni niliomba mama wa jikoni aniwekee chai ya rangi pembeni. Akanitafutia chupa ndogo ya kikombe kimoja na nusu, akabandika karatasi, MWL WA LINDI. Walimu wakanicheka muhula mzima. Muhula uliofuata ile chupa nikawa naikuta tupu, nikalalamika, ikaletwa ya lita moja, nayo ikawa inaisha. Siku moja nikawahi kutoka darasani nikamkuta Mwalimu Mkuu anamimina, mtu wa Tanga yule, miaka 11 yuko pale. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaniambia nifunge mlango.